Udongo wa Mama Hellen

Jumanne, 4 Juni 2024

Manyunyu asubuhi yote. Mimi na Primus, fundi wetu wa maabara, tumechota udongo katika vihamba sita, mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Tulianzia kwa Mzee Eliufoo. Migomba yake imenyauka, majani yananing'inia. Lakini ndiye mkubwa wa mtaa, na mtu hapiti langoni kwake kwenda kuwaamkia wadogo kwanza. Kisha kwa jirani yake, Mama Hellen. Mishare yake, migomba ya ndizi za kupika, imenawiri. Akatutania: tumesoma miaka yote hiyo ili tuje kufukua kama fuko?

Alhamisi, 13 Juni 2024

Majibu. Kuvu wa mnyauko ameota katika sahani za maabara zenye udongo wa Mzee Eliufoo — na za Mama Hellen. Sifael, mwenyekiti wa kitongoji, amekata shauri: Jumatatu migomba ya vihamba vyote viwili ing'olewe na kuchomwa. Mama Hellen ni mjane. Hana shamba jingine.

Ijumaa, 14 Juni 2024

Nimesoma upya daftari la shambani. Chupa ya spiriti ya kusafishia vifaa ilisahaulika garini. Tulipotoka kwa Mzee, Primus alilifuta bomba la kuchotea udongo kwa jani kavu la mgomba, kama tufutavyo jembe, nami nikatazama tu. Kanuni ni kuanza na shamba zima, kumaliza na gonjwa. Naifundisha kila mwaka. Nilichelea kuonekana sina adabu.

Primus amesema, Dokta, waambie ni mimi. Nimekataa.

Jumapili, 16 Juni 2024

Uwanja wa kanisa, baada ya ibada. Naandika nikiwa bado benchini.

Nilisimama: Mchungaji, Mwenyekiti, wazee wetu mkitanguliwa na Mzee Eliufoo, akina mama, vijana — kosa ni langu. Huenda kuvu tuliyemkuta kwa Mama Hellen tulimbeba wenyewe. Nyuma mama mmoja akasema kumbe hata wasomi hawaoshi mwiko. Wakacheka kidogo. Sifael akauliza, je, nathibitisha kihamba hicho ni kizima? Sithibitishi, nikajibu, kipimo kile hakithibitishi lolote.

Mama Hellen alikaza khanga kiunoni.

Ndipo nikatangaza: panga lisiguse mgomba wake hadi kipimo kipya. Kesho tutachota upya, tukianzia kwake. Lango la Mzee tutalipita bila hodi, kwake tufike mwisho. Wanaoafiki wanyooshe mikono.

Hadi sasa hakuna aliyenyoosha. Wote wanamtazama Mzee Eliufoo kwanza.