Tumehama Mara Tatu, na Shemeji Anataka Tuhame Tena

Mpendwa Shangazi Mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo siku ya kupiga kura na mimi nafsi haitulii, nakaa nasimama, nafungua kompyuta nafunga, mke wangu ananiuliza nina nini namwambia ni kazi, na kweli ni kazi ila si ile anayoijua yeye.

Nianzie mwanzo usije ukapotea. Mimi ni mwandishi wa programu za kompyuta, nimeajiriwa kwenye kampuni ya vifungashio. Miaka mitatu iliyopita mke wangu, ambaye ni muuguzi wa wodi ya watoto, alirudi nyumbani na hesabu kaziandika kiganjani kwa kalamu, uzito wa mtoto mara kiasi cha dawa gawanya kwa sijui ngapi, nikamwambia hii kompyuta ingekufanyia kwa sekunde moja, akasema basi ifanye tuone, nikaifanya. Unaandika uzito wa mtoto, unachagua dawa, inakuambia umpe kiasi gani. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, naye ni mwandishi wa programu kama mimi, akaipenda, tukakubaliana iwe programu huria, yaani hatuuzi, msimbo wake, maandishi yanayoiendesha, uko wazi, yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha na kuutumia bila kuomba ruhusa. Watu wakaanza kujitolea, tukafika kumi na mmoja ambao wengine hata sura zao sizijui, na zahanati arobaini na moja zikaichukua. Nilijiona mtu, Shangazi, sikufichi.

Sasa ugonjwa wangu ni kuhama. Programu ya namna hii inahitaji mahali pa kukaa kwenye mtandao, pa kuwekea msimbo na pa kuandikia kazi zinazosubiri na hitilafu zinazoripotiwa, na mahali penyewe ni pengi, kila nikipita naona pengine pazuri zaidi. Kwanza tulikaa kwenye mtandao mmoja mdogo wa kawaida, hitilafu zikiletwa kwa barua pepe, nikaona tunaonekana washamba, nikatuhamishia penye ubao wa kadi za rangi, kadi nyekundu ya haraka, ya njano ya kesho, ya kijani imekwisha, nikakaa wiki mbili nzima nachagua rangi. Halafu nikaona penye michoro ya kuonyesha kazi inaendaje wiki hadi wiki, tukahamia huko, huko kila anayetaka kuripoti lazima ajisajili, na mimi nikaweka na kanuni kwamba taarifa yoyote ikikaa siku ishirini na moja bila kujibiwa ijifunge yenyewe, ili ubao usijae takataka. Kila tukihama watu wawili watatu hawafiki, tumebaki watano. Mke wangu anasema ningekuwa mpangaji, wenye nyumba wote wangeshanijua kwa jina.

Wiki mbili zilizopita nikanunua seva yetu wenyewe, kompyuta ya kuhifadhia kila kitu, nimeiweka ukumbini pembeni ya meza ya kupigia pasi, nikahamishia kila kitu huko na ile nyumba ya tatu nikaifuta kabisa, sipendi kuacha uchafu nyuma. Nilidhani sasa nimefika. Shemeji akaja Jumapili, akaitazama inavyounguruma, akaniambia, "Shemeji, watu wote wako kwenye ule mtandao mkubwa, sisi tunajificha huku kufanya nini?"

Nikamwambia, "Mtu mzima hukaa kwake."

"Kwako penyewe ni karibu na pasi? Umeme ukikatika je? Na wewe ukisafiri nani ana ufunguo?"

Nikamwambia ule mtandao mkubwa una wenyewe, siku wakiamua kutubadilishia masharti tutakwenda wapi, akasema nimetafuta sababu tu, nikasema yeye anapenda kufuata mkumbo, mke wangu akaondoka na chai yake akatuacha. Tangu hapo hatuongei vizuri, na kura ya sisi watano kuchagua seva au mtandao mkubwa ni Jumamosi.

Kuna jambo jingine dogo nilitaje usije ukasema nimekuficha. Wakati naikagua nyumba ya tatu kabla ya kuifuta, niliikuta taarifa imejifunga yenyewe, ya muuguzi mmoja wa zahanati ya mbali ambaye sisi tunamwita Mama Mizani, mama huyu huandika hitilafu kwenye daftari, akaupiga picha ukurasa, akatutumia. Kule kujisajili kulimshinda, akamwomba mwenzake ndiyo ikaingia. Ameandika kwamba ukikosea uzito ukarudi nyuma kuurekebisha, kwenye kioo unaona uzito mpya lakini dawa inapigiwa hesabu kwa uzito wa mtoto aliyetangulia. "Mtoto wa kilo tisa kapangiwa dawa ya mtoto wa kilo ishirini na mbili. Nimerudia mara tatu, imejibu hivyohivyo mara tatu. Bahati mimi bado napiga hesabu kwa kalamu, wenzangu wapya hawapigi tena." Nilirekebisha siku ileile, ni mistari miwili tu, nikatoa toleo jipya kwenye seva yetu, kwenye maelezo nikaandika "maboresho madogo madogo", na kwenye kompyuta ya wodi ya mke wangu nikaenda kuliweka mwenyewe kwa mkono nikamwambia nasafisha tu. Zahanati sita ndizo zimechukua toleo hilo, hao wengine nadhani ni uvivu. Shemeji sijamwambia kwa sababu atasema si unaona, kuhamahama kwako, na kura nitakuwa nimeshindwa kabla haijapigwa.

Swali langu ni hili, Shangazi: kati ya seva yetu na mtandao mkubwa kipi ni bora, na kwenye kupanga kazi tutumie ubao wa kadi au orodha ya kawaida? Namba yangu nimeiandika chini, usiichapishe.

Ni mimi, Asiyetulia.

SHANGAZI ANAJIBU

Wewe Asiyetulia,

Barua yako ilipaswa kukaa foleni. Mbele yake kulikuwa na bibi harusi mwenye wasiwasi na wapangaji wawili wanaogombania kamba ya kuanikia nguo. Nimewaruka wote, watanisamehe. Namba uliyoiandika nimeipiga jana mara nne na hukupokea, ndiyo maana nakusema mbele ya watu.

Umeniandikia kurasa nne. Rangi za kadi nimezisoma, pasi nimeisoma, na wewe na shemeji yako mnavyonuniana nimesoma. Halafu ukaniletea "jambo jingine dogo". Baba, hilo dogo ndilo barua. Mengine yote ni bahasha.

Mimi si mtu wa kompyuta. Naijua hii ninayoandikia safu, na printa ya hapa ofisini tunaamkiana kwa uangalifu. Kwa hiyo nilimpa barua yako mama anayetutunzia mitambo, mtu mzima asiye na maneno mengi. Alisoma hadi pale uliposema zahanati sita, akaweka kikombe chini, akauliza: "Hizo programu zilizoko kwenye zahanati zinatafuta toleo jipya kwenye anwani ipi?"

Nikamwambia sijui. Akasema, "Mimi najua. Ile aliyoifuta."

Akanieleza taratibu, nami nawaeleza wasomaji. Programu ya namna hii kila baada ya siku kadhaa inapiga hodi yenyewe kule ilikozoea, kuuliza kama kuna marekebisho. Wewe umeibomoa nyumba na hukuacha hata kibao cha kusema tumehamia wapi. Hao sita wamejipakulia kwa mkono. Zahanati thelathini na tano zinapiga hodi kwenye kiwanja kitupu, wewe unawaita wavivu.

Na usiniambie hukujua. Kama ulikuwa na hakika kwamba marekebisho yatawafikia wenyewe, ya mke wako ulikwenda kuyaweka kwa mkono ya nini? Wodi ya mke wako umeilinda. Watoto wa wenzio umewaandikia "maboresho madogo madogo". Nilipofika hapo nilikasirika sana, na bado nimekasirika ninapoandika hivi.

Lakini sikuiti mtu mbaya. Mtu mbaya angefuta barua hii kama alivyofuta nyumba. Wewe ulianzisha kitu kwa kumhurumia mke wako aliyekuwa akiandika kiganjani, ukakitoa bure, na watu usiowajua wakakuamini. Hofu yako naielewa. Unaogopa kwamba ukisema ukweli wataiacha programu na shemeji atakucheka. Mficha uchi hazai, na wewe umejificha kwenye makabati.

Nasema makabati kwa sababu nilipokuwa kijana nilikuwa karani wa masjala ya hospitali. Kila mkuu mpya alikuja na mpangilio wake wa mafaili. Mmoja alitaka herufi, mwingine tarehe, wa tatu akaleta makabati ya chuma yenye magurudumu, tukayapiga picha. Tulikuwa tunahamisha mafaili kwa bidii kweli, jasho linatutoka, na mgonjwa dirishani anaambiwa faili lake halionekani. Hakuna aliyeweza kutuita wazembe, maana tulikuwa na kazi siku nzima. Kuhama kunachosha kama kazi halisi, ndiyo sababu mtu anayeogopa kazi halisi hupenda sana kuhama. Wewe taarifa za watu zinakutisha, kila moja ni mtu anakuambia umekosea, basi unanunua ubao mpya.

Sasa nisikilize vizuri.

Kura ya Jumamosi haikuhusu tena. Nenda kwa shemeji yako leo, umwambie yote, hata hilo la kwenda wodini kimyakimya. Atasema "si unaona". Mwache aseme, anastahili, kisha mgawane zahanati mzipigie simu moja moja. Usitume ujumbe wa jumla ukalala ukidhani umesomwa. Waambie kwa maneno mepesi: programu yetu ina kosa, ukirekebisha uzito usiliamini jibu lake, rudini kwenye kalamu mpaka tuje tuwawekee toleo jipya. Waulize kama kuna mtoto yeyote aliyepewa dawa kwa hesabu hiyo, na wakikujibu yupo, hapo hapo mjulishe daktari wao na mamlaka yenu ya afya. Hilo litauma. Liache liume.

Mke wako mwambie wewe kabla hajasikia kwa kaka yake. Sitakuahidi atalipokeaje.

Mama Mizani umwendee kwa magoti. Mwanamke ameiona hatari, ameiandika, ameipiga picha, amehangaika na usajili wenu mpaka akakodi vidole vya mwenzake, na kilichomjibu ni kanuni yako ya siku ishirini na moja. Iondoe hiyo kanuni. Taarifa ya kosa haifungwi na kalenda, inafungwa na mtu aliyeisoma akaielewa.

Umeniuliza seva au mtandao mkubwa, siwezi kukuacha bila jibu. Nenda kwenye mtandao mkubwa. Shemeji yako amekushinda kwa haki: kitu kinachotegemewa na zahanati arobaini hakikai pembeni ya pasi na ufunguo mfukoni mwa mtu mmoja. Hofu yako ya masharti nayo ina maana, kwa hiyo hiyo seva itunze nakala ya kila kitu, taarifa za watu zikiwemo, si msimbo peke yake, ili siku mkifukuzwa mtoke na vyombo vyenu. Fundi wetu anasema ile anwani uliyoifuta pengine bado mnaweza kuirudisha mkiwaandikia wenyewe mapema, muijaribu leo, muelekeze hodi zote kwenye makazi mapya. Kazi zipangeni kwa orodha ya kawaida, na kila wiki mmoja wenu awe na zamu ya kuisoma yote. Barua pepe zirudi, picha za daftari zipokelewe, anayepokea ndiye ajisumbue kuziandika. Na mkishakaa, kaeni. Miaka miwili nisisikie umepaona pengine.

Hayo ya orodha yanaweza kungoja wiki ijayo. Simu haziwezi. Majina ya zahanati hizo sina, mhariri hana, hata Mama Mizani hana, unayo wewe peke yako. Gazeti hili linatoka asubuhi. Ukifika mstari huu zahanati zimeshafunguliwa, na kuna mtoto amewekwa kwenye mizani, na muuguzi mpya anaandika uzito wake kwenye programu yako. Weka gazeti chini upige simu.