Vidole Vitatu vya Baba

Willow Bluff, Saskatchewan
19 Februari

Mpendwa dada Halya,

Habari za huko pwani na mvua zenu zisizokoma? Watoto hawajambo? Mkubwa amepona kikohozi? Sisi huku theluji imefika madirishani, lakini kimwili hatujambo. Baba anakusalimu sana, na leo amekula sahani mbili za vareniki nilizozijaza viazi. Basi ile hofu iliyokupata uliposikia amekamatwa, iweke chini, nawe ukae nikusimulie.

Duka la zana la Bwana Wintoniak lilivunjwa siku moja kabla ya mazishi ya Bibi Sadovy, misumeno ya injini yote ikachukuliwa. Mji mzima ukamnyooshea Baba kidole, maana Wintoniak alimwachisha kazi pale msimu wa mavuno, na Baba, mdomo wake unaujua, alimwapiza mbele ya wateja.

Aliyeletwa kupeleleza ni Koplo Yvonne Desjarlais, mwanamke mfupi, mcheshi, mwenye kofia ya manyoya iliyomziba nyusi. Dada, nimempenda yule mama! Alama za vidole hazikuwapo. Kwa baridi yetu hata mtakatifu huvaa glavu. Lakini nyuma ya duka kulikuwa na nyayo. Polisi vijana walitaka kumimina plasta wapate nakala yake, akawakemea: "Nyie! Plasta ikiganda inatoa joto. Mnataka kuniyeyushia shahidi?" Akapulizia unyayo mmoja rangi nyekundu ili mistari ionekane, akaweka rula kando, akapiga picha, kisha akayeyusha salfa na kuimimina taratibu. Salfa ikigusa theluji huganda papo hapo. Akauinua unyayo mzima, mgumu kama sahani, na kisiginoni mna mkato wa umbo la mundu. Buti za aina ile nusu ya mji wanazo, alisema, ila kovu lile halina pacha.

Jumatatu kovu lile lilikutwa kwenye buti zilizokuwa mlangoni kwa Baba. Wintoniak akapiga makofi: "Si nilisema? Mzee mwizi huyo!" Polisi wakaigeuza buti, Baba akaitazama soli kwa muda, kisha akajibu, "Ni zangu. Kuna lingine?" Wakamweka ndani. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Koplo hakushangilia. Alizitoa soli za ndani akazimulika kwa taa aliyoilaza ubavuni mwake ili vivuli vionekane. Alinieleza kwamba mguu hujichora mle kidogo kidogo, kila kidole na kishimo chake. Katika buti ya kushoto akahesabu vitano. Akamwomba Baba avue soksi. Unakumbuka mwaka ule trekta lilipomzimikia shambani, baridi ikamla vidole viwili vya mguu wa kushoto? Koplo akamtazama usoni. "Mzee wangu, unanidanganya. Mguu wako mkweli kuliko wewe."

Hapo nikakumbuka chakula cha mazishi katika ukumbi wa kanisa. Buti zetu sote zilikuwa rundo moja mlangoni, nyeusi tupu, na kila aliyeondoka alijichomekea zilizomkaribia. Umekulia huku, unajua ilivyo. Koplo akasema basi yuko mtu aliyerudi na za Baba, akaomba kila nyumba izichunguze buti zake.

Halya, nilizichunguza za kwetu. Za Garth mume wangu zilikuwa kando ya jiko la kuni. Nikaingiza mkono ndani ya ile ya kushoto, nikapapasa. Vishimo vitatu, kisha hakuna kitu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wa kale. Nilikaa sakafuni nimezipakata, na jiko linawaka pale pale karibu yangu. Sitakuficha kwamba nilifikiria kuzitia motoni. Kisha nikavaa koti nikazipeleka kwa Koplo. Hakunihoji hata neno. Alinivutia kiti, akanimiminia chai, akangoja nimalize kulia. Garth amekiri; misumeno imekutwa kwa rafiki yake wa kamari.

Lakini lililonivunja ni Baba. Nilipomtoa kituoni nilimgombeza njia nzima: kwa nini alisema ni zake buti zisizo zake? Tukafika jikoni. Ndipo akaniambia kwamba ule mkato aliutambua mara tu polisi walipoigeuza buti. Garth alikanyaga shoka wakipasua kuni, na Baba mwenyewe ndiye aliyeuziba kwa gundi. "Mimi nimezeeka, Larysa," akasema. "Kuitwa mwizi ningezoea. Wewe kuitwa mke wa mwizi, hilo lingeniua."

Nilimkumbatia, dada. Siri aliyokuwa tayari kuingia nayo jela kwa ajili yangu, mimi niliibeba mikononi nikampelekea Koplo kwa ajili yake.

Buti zake bado zimewekwa kama ushahidi mpaka kesi iishe. Kwa sasa anavaa zangu za zambarau, si unajua nilirithi miguu yake mikubwa. Jana alipita nazo mbele ya duka la Wintoniak, watu wakacheka, naye akasimama akanyanyua mguu: "Za binti yangu hizi. Njooni mpige picha!"

Wabusu watoto. Usiniandikie pole, niandikie siku unayokuja, nikupokee kituo cha basi.

Mdogo wako akupendaye,
Larysa