Simu Iliyobaki na Jina la Zawadi

Baba Hamisi,

Anayemaliza bando ni dada yako Mwajuma! Siyo Zawadi. Mwanangu umemfukuza bure, na ushahidi ninao hapa Dodoma, umo kwenye simu ya Hamisi.

Sasa ndiyo nakusalimu. Shikamoo mume wangu. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima. Mjukuu wako kaota meno mawili, na sauti kachukua ya ukoo wangu, akilia mtaa wa pili wanajua. Samaki wa huku wamegandishwa mpaka hawana ladha, nawala kwa hasira nikimkumbuka mgebuka wa ziwa letu. Lakini sikuandika kwa ajili ya samaki. Nimeandika kwa sababu simu unanikatia. Barua haikatwi.

Twende taratibu uelewe, maana siku ile hukutaka kuelewa. Hamisi, mwanangu injinia wa mitandao, ambaye ofisi nzima ikikwama anaitwa yeye, ndiye aliyefunga ruta hapo Katubuka ili mdogo wake asome uuguzi, maana masomo yanatumwa kwa mtandao. Bando likawa linaisha kabla mwezi haujafika kati. Ukamwambia aangalie. Yeye akiwa huku huku anafungua orodha, anaona kila kifaa kinachotumia mtandao wa nyumba yetu na kiasi kilichovuta. Juu kabisa pameandikwa "Simu ya Zawadi". Akakwambia. Dada yako akadakia, "Si nilisema! Mtoto anatazama uchafu!" Na wewe, mbele ya kaka zako, ukamwamuru mwanangu akusanye nguo aende Mwandiga kwa mama yangu, kama mzigo uliorudishwa dukani.

Juzi Hamisi ananiambia, "Mama, bado kuna tatizo la wifi."

Nikamjibu, "Hilo nalijua tangu naolewa."

Akacheka, akasema siyo wifi yangu, ni mtandao. Kanionyesha. Simu ya Zawadi bado iko juu, inavuta kuliko televisheni.

"Zawadi yuko wapi?" nikamuuliza.

"Mwandiga."

"Ana siku ngapi huko?"

"Ya nne leo."

"Sasa simu yake inavutaje mtandao wa Katubuka? Imeota miguu?"

Injinia akaifungua orodha upya! Mimi wa darasa la saba ndiye niliyemfumbua macho, na hilo uwaambie watu.

Ndipo nikaikumbuka sikukuu ya Idi iliyopita. Dada yako alidumbukiza simu yake kwenye ndoo ya mawese, akaja kwetu analia. Hamisi alikuwa amemletea Zawadi simu mpya, basi ile ya zamani nikampa Mwajuma kwa mkono wangu huu huu. Jina hakuna aliyelibadilisha, na kwa kuwa tumepakana naye ukuta, mtandao wetu unamfikia. Ni kama shamba la marehemu, analima mwingine na bado linaitwa la marehemu. Simu mpya ya Zawadi kwenye orodha ni herufi na namba tu, iko chini kabisa, imevuta kama kuku anywavyo maji.

Hamisi akasema tuhakikishe. Akaifungia ile simu mtandao. Chai haijapoa, shangazi yake Mwajuma huyo, kapiga simu ya mke wa Hamisi, maana ya Hamisi mwenyewe ilikuwa inatumika:

"Mwambie mumeo mtandao umekatika! Arudishe haraka, bwana harusi ndiyo anafumaniwa!"

Tamthilia, Baba Hamisi. Mwezi mzima ni tamthilia.

Na hili lingine ulimeze na uji. Hamisi anasema ile orodha haionyeshi mtu anatazama nini, inaonyesha kiasi tu. Sasa huo uchafu dada yako aliuona wapi? Aliutunga, ameishika simu yenyewe mkononi, na wewe ukaupokea.

Hamisi nimemgombeza mpaka akampigia mdogo wake kumwomba radhi, mwanaume mzima analia. Bado wewe. Mtoto ana mtihani wiki ijayo na kwa bibi yake anapanda kichuguu kutafuta mtandao. Usimtume bodaboda. Nenda mwenyewe, umbebee begi lake, umpitishe mlango wa mbele.

Nisalimie mama yangu aliyempokea mjukuu bila kumhoji. Nisalimie mashemeji zangu wawili waliokaa kimya, waambie nimekisikia kimya chao. Jirani yetu Mama Rukia, aliyemtilia Zawadi dagaa kwenye mfuko wa safari, mwambie Mungu ameona. Wifi yangu simsalimu. Salamu zake nakuja nazo mwenyewe.

Mtoto umemchafua mbele ya watu, utamsafisha mbele ya watu hao hao. Napanda basi na Hamisi. Ni mimi mkeo, Mama Hamisi, ila mpaka hilo liishe niite Mama Zawadi. Kaka zako, mama yangu, Mama Rukia, na Mwajuma na simu yake, wote nawataka barazani kwetu Jumapili hii, baada ya adhuhuri.