Musamaha wa Armand

Kalemie, Alhamisi 12 Julai 1979

Mama amenikamata leo, na tangu saa ile situlii.

Tulikuwa uani tunachambua ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, na mimi namusomea kile kitabu cha mapenzi nilichoazima kwa rafiki yangu Feza, nikigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili. Mama alimucheka sana Armand, yule mwanaume wa kiburi anayemutukana muchumba wake mbele ya watu. Mimi namupenda Armand vibaya sana. Wanaume wapole wa vitabu wananichosha, sijui kwa nini.

Mwishoni Armand anarudi tu, anamushika muchumba mukono, basi. Haombi musamaha. Nikaona haya kwa ajili yake, nikaongeza maneno yangu: "Armand akapiga magoti, akalia."

Mama akaacha kucheka. "Hapo unadanganya, mutoto wangu. Mwanaume wa namna hii hapigi magoti."

"Umejuaje, Mama?"

Aliangalia kwanza mulango, kuona kama Papa hajafika, kisha akaendelea na ndagala.

Nimerudia ukurasa ule mara tatu. Bado namupenda Armand. Na hiyo njo kitu kinaniogopesha.