Taa Mpya za Basi la Baba

Kwako dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji na huyo mtoto wenu mwenye paji la uso kama uwanja wa mpira. Natumaini hamjambo. Sisi huku tunapumua. Mama goti linamsumbua, ila mdomo wake mzima kabisa, jana kanitukana vizuri tu. Najua unashangaa nimeshika kalamu, mimi niliyeagana na shule kabla haijamaliza kunisalimia. Ningepiga simu, lakini ungesikia sauti yangu ungejua, halafu ningeshindwa kusema yote. Vumilia mwandiko. Ukiona makosa sahihisha kimoyomoyo, mwalimu we.

Kwanza ujue mdogo wako sasa ni mtu. Pale gereji gari likisumbua umeme, hata bosi ananyamaza ananitazama mimi. Ndiyo maana Baba alipolalamika kwamba taa za basi la shule zimefifia, nilimwambia aache unyonge, amezaa fundi. Unajua anavyotoka alfajiri kuwachukua watoto, kungali giza. Alisema zinatoa mwanga kama chai iliyopoa.

Nikatoa globu za zamani, nikaweka za LED. Dada, acha mchezo! Weupe ule, mpaka paka wa gereji alikimbia kivuli chake mwenyewe. Baba akaendesha, akarudi, akasema afadhali, lakini bado. Nikafikiri nimezipachika vibaya, maana hizi zina upande wake. Ukikosea zinamulika matawi ya miti na kuiacha barabara gizani. Nikazigeuza. Bado. Nikalisimamisha basi mbele ya ukuta, nikachora alama za chaki, nikakaza skrubu mpaka miale ikakaa sawa. Bado. Nikatafuta nyingine kali zaidi, hadi madereva wanaokutana naye wakawa wanampigia honi na kumtukana eti anawapofusha. Bosi alicheka, akasema hata nikilifunga jua mbele ya basi hilo, mzee atasema bado. Nilinuna. Nilidhani Baba hataki tu kukubali kwamba mtoto aliyekimbia shule anaweza kitu.

Juma lililopita alikuja gereji giza likiingia. Mimi nilikuwa nimezichomoa taa zote mbili, ziko mezani ndani, kwa sababu kifuniko cha nyuma kilikuwa kinabana kifeni cha kuzipoza na moja imeanza kupepesa. Kabla sijafungua mdomo alishapanda basini, akawasha swichi, akautazama ukuta. Kisha akaniita, akanipiga begani, akasema leo nimepatia, sasa anaona vizuri kabisa, nisihangaike tena.

Nilimwambia hazimo. Akabaki ameshika usukani kama mtu anayesubiri abiria.

Ndipo akasema. Daktari wa macho alishamwambia zamani kwamba mishipa ya macho yake inakufa, na iliyokufa hairudi. Njia ile anaipita kwa mazoea tu: tuta analijua kwa mtikisiko, kona kwa harufu ya kiwanda cha sabuni, watoto kwa sauti zao. Alilalamikia taa kwa sababu taa zinabadilishika. Akanisihi nisimwambie mtu, na hasa wewe na Mama. Akaniomba nikae naye mbele asubuhi, niwe namwambia kilichopo.

Nikakaa naye, dada, niseme nini? Mwanzo nilifanya mzaha. Nikisema tuta, Baba, watoto nyuma wanaitikia kwa pamoja tuta, Baba, wanacheka mpaka basi linatikisika. Nikajiona mjanja. Mpaka juzi, kale kasichana kanakosukwa mikia miwili kakachomoka getini kwao kukimbilia basi. Nilipiga kelele, Baba akakanyaga breki. Tulisimama begi lake likiwa limegusa bampa. Baba akageuka kwangu, akaniuliza kwa sauti ya chini, je, yule ni mbwa?

Sasa nisikilize, maana hili ndilo lililonifanya niandike. Ni mimi. Siku ileile nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamweleza kila kitu. Jioni Baba alinyang'anywa funguo.

Yeye anaamini ni mlinzi wa shule aliyemchongea. Anakaa mlangoni kutwa anamlaani, na Mama anamsaidia. Amesema binadamu wote nyoka isipokuwa mimi. Tena amenituma nikazichomoe zile LED kabla dereva mpya hajalizoea basi, ni jasho langu, nije nizifunge kwenye gari langu mwenyewe. Nilikwenda. Nikasafisha vioo vya taa kwa shati langu, nikaziacha mlemle.

Mdomo wangu huu unaoujua umekauka. Usimwambie. Au mwambie wewe. Sijui. Kesho nampeleka tena kwa daktari, ingawa wote wawili tunajua atakachosema. Atanishika mkono njia nzima, na njia nzima atamtukana mlinzi, na mimi nitakuwa namwambia hapa kuna shimo, Baba, hapa pana ngazi.

Mama anakusalimu. Baba naye anakusalimu sana, amesema nikuandikie kwamba ni mzima na usiwe na wasiwasi. Mbusu mtoto hapo kwenye paji, nafasi ipo.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi