Sura ya Bibi kwenye Kadi ya Sabuni

Mama,

Wameanza kujenga njia ya treni huku Rashidiya. Vumbi linaingia mpaka jikoni, na ungekuwapo ungeshatoka kwenda kugombana na wale mafundi. Baba mzima. Kanzu zake zimeingia manjano shingoni, maana mimi nazitia kwenye mashine tu, sina mkono wako wa kutia buluu nguo zikang'aa. Yeye anazivaa hivyo hivyo. Hayo ndiyo ya heri. Hili jingine nimekaa nalo tangu siku uliyokufa, na sina wa kumwambia isipokuwa wewe.

Ni kadi zako, Mama. Zile kadi za matangazo ya sabuni na buluu ambazo babu alikuwa akizitoa kwenye makatoni ya dukani kwake Unguja, akakupa uchezee. Ulikuja nazo huku, ukazigandisha kwa gundi ukutani, chumba cha kufulia: watoto wa nguo nyeupe pe, yule bwana anayenusa shati lake, na yule mwanamke wa kanga ya kijani anayeanika kanzu huku anacheka. Mlipoondoka Unguja kuja huku ng'ambo hamkubeba hata picha moja ya bibi. Ukawa unanivuta mkono mpaka mbele ya huyo wa kanga ya kijani: "Hebu mtizame bibi yako. Pua ile ile, kidevu kile kile. Aliyemchora kama alimwona." Nimekua nikimwamkia. Naingia na kapu la nguo chafu, nasema shikamoo bibi, na wewe unamwitikia, marahaba.

Siku ile, hata hujaoshwa, Shangazi akaanza kuzunguka nyumba akigeuza picha ukutani. Hiyo ni kawaida yetu penye msiba, nikamwacha. Lakini kadi zako hazigeuki, zimeganda. Basi alichukua kalamu nene nyeusi akazifuta sura zote, moja moja, na mimi niko chumbani nimekushika mkono. Nilipomuuliza alinijibu kwa upole, na upole wenyewe ndio unaoniudhi mpaka leo: "Malaika hawaingii penye sura za watu, mwanangu. Nimemsaidia mama yako." Kwake televisheni haizimwi kutwa kucha. Malaika wa huko sijui wanapitia wapi.

Baba akasema, "Khalas, basi, Rukia. Makaratasi ya sabuni hayo. Usimvunjie heshima shangazi yako mbele ya watu."

Makaratasi ya sabuni! Miaka yote ya ndoa yenu hakujua kwamba mama mkwe wake yumo humo ndani. Na hapo, Mama, hasira yangu inakufikia na wewe. Kwa nini hukuwaambia? Uliogopa wakucheke? Ungesema neno moja tu, labda mkono wa Shangazi ungesita.

Nilijaribu kumsafisha. Pamba na mafuta ya nazi, taratibu, kama mtu anavyompangusa mtoto macho. Wino ulitoka, na uso ukatoka nao. Imebaki karatasi nyeupe juu ya kanga ya kijani, na mikono bado inaanika kanzu.

Shangazi huja kila Ijumaa baada ya sala. Nampikia, namkaribisha vizuri, hana la kulalamika. Ijumaa iliyopita nikamwambia wazi: "Shangazi, yule uliyemfuta alikuwa bibi yangu." Akacheka, akadhani namtania, akaomba chai. Moyoni sijamsamehe. Na usinijie ndotoni kuniambia nimsamehe.

Mwenyezi Mungu akulaze pema, Mama. Nakuahidi kitu kimoja: nitakwenda Unguja kabla wazee wa mtaani kwenu hawajaisha, nimtafute hata mmoja aliyemwona bibi kwa macho yake, aniambie alikuwaje. Na akinieleza mtu mwingine kabisa, nitamshukuru, nitaaga, nitabaki na yule wa kadi yako.

Mwanao,
Rukia