Kitabu cha Gari na Jina la Masanja

Mwakitolyo

Baba yangu, shikamoo.

Naamini barua hii inawakuta wazima wewe na mama, na lile goti lako limepata nafuu sasa tumbaku ikiwa imeshavunwa. Mimi ni mzima, ila nimechoka, Baba. Hata kalamu naiona nzito.

Nakuandikia habari ya Masanja, dereva aliyenitangulia kwenye pikapu hii. Alipoleta posa kwa mdogo wangu Kabula, mimi ndiye niliyekwambia kwamba alifukuzwa huku kwa kunyonya dizeli ya bosi. Ukamkatalia.

Mwezi uliopita bosi alinigeukia mimi. Kitabu cha gari kinasema lita moja inakwenda kilomita kumi na mbili, naye ananipimia mafuta kwa kitabu hicho. Nilimweleza kwamba kitabu hakijui mapipa ya maji ninayowapelekea wachimbaji, wala ile njia ya makorongo ninayoipanda kwa gia ya pili. Hakunisikiliza. Alininusa shati mbele za watu, akasema linanuka dizeli. Shati la dereva linuke nini, Baba? Siku hiyo nililia, sikufichi.

Jumanne nikamwomba tupande wote. Alipima mafuta kwa mkono wake mwenyewe, akafunga tangi kwa kufuli, ufunguo akatia mfukoni. Kwa kitabu chake tungekwenda na kurudi. Gari likazima tukiwa ndiyo kwanza tumeshusha maji na kugeuza. Tulitembea juani hadi barabara kubwa, yeye na viatu vyake vya mjini. Tulipofika akasema taratibu, "Basi hata Masanja hakuiba."

Kesho yake aliniongezea mafuta, na kwake mambo yakaisha. Kwangu hayajaisha. Sikuwahi kumwona Masanja akinyonya chochote, nilisikia maneno tu kijiweni nikakuletea kama niliyoyaona. Nasikia siku hizi analima tumbaku ya watu huko Ushetu, hakuna anayemwamini na gari. Nakuomba umwite nyumbani, Baba, umwambie aliyemharibia jina ni mwanao.

Msalimie mama, na shangazi, na mke wangu umwambie nitakuja mvua zikianza. Kabula usimpe salamu zangu. Mpe barua hii aisome mwenyewe.

Ni mimi mwanao,
Maganga